Chomelea Chuma, Usichome Pesa

Tuseme ni Novemba, mahali fulani Makueni. Mvua imenyesha usiku kucha, udongo umelainika, na ng'ombe wamefungwa nira kabla jua halijachomoza. Baada ya mizunguko minne tu, plau inagonga jiwe. Kaa! Mguu unaoshikilia ncha umepasuka. Jirani anaendelea kulima. Wewe umesimama na vishikio viwili mkononi, ukijua kwamba unyevu huu hautakungoja hadi wiki ijayo.

Saa kama hiyo ndiyo maamuzi ya haraka hufanywa. Mmoja atafunga waya na kuendelea, akiomba Mungu afike jioni. Mwingine atatoa mashine ya kuchomelea aliyoinunua mwaka jana na kujaribu bahati yake. Wa tatu atapakia plau kwenye boda boda hadi senta, amtumie fundi pesa yote, kisha aambiwe, "Rudi kesho."

Sisi ni kampuni ya malipo, si karakana. Lakini pesa za marekebisho ya shambani zinatuhusu kwa sababu ya jinsi zinavyotoka: mia mbili ya fundi, mia ya boda, mia na hamsini ya rodi. Zikitoka moja moja hazisikiki. Msimu ukiisha, unakuta zimefika bei ya kifaa kipya, na kile cha zamani bado kimefungwa waya. Kwa hivyo leo tuzungumze mambo matatu: kazi gani ya chuma unaweza kuifanya mwenyewe, ipi umwachie fundi, na jinsi ya kumlipa bila kugombana.

Kwanza, jua chuma chako

Kosa la kwanza la anayeanza ni kudhani chuma chote ni kimoja. Sivyo. Vyuma vya shambani unaweza kuvigawa katika makundi manne.

Chuma laini cha kawaida. Hiki ndicho cha geti, fremu ya wilbaro, engo, bapa na mabomba ya kawaida. Kinapinda kabla ya kuvunjika. Ndicho rafiki wa anayejifunza, kwa sababu kinashika vizuri na kinasamehe makosa madogo.

Chuma kigumu. Ncha ya plau, jembe, panga, springi za gari. Ukikipitishia tupa, tupa inateleza badala ya kula. Kinachomeleka, lakini kikipoa haraka sehemu iliyo kando ya weldi inakuwa kama glasi. Ndiyo maana unaweza kuchomelea jembe leo, kesho likakatika sentimita moja kutoka pale ulipounganisha. Dawa yake ni kukipasha moto kwanza, kisha kukiacha kipoe polepole, hata kwa kukifunika kwenye majivu makavu. Kumwagia maji ili kipoe haraka ni kujiharibia kazi.

Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Utakipata kwenye magamba ya pampu za zamani, mashine za kusaga na baadhi ya magurudumu mazito. Hakipindi, kinavunjika kama kikombe, na ukiangalia palipovunjika utaona rangi ya kijivu yenye chembechembe. Hiki kinahitaji rodi za nikeli na mkono uliozoea. Ukikichoma kwa rodi za kawaida, mara nyingi utasikia kikipasuka tena kikiwa bado kinapoa.

Chuma kilichopakwa zinki. Mabati, mabomba ya maji, baadhi ya waya na matangi. Shida yake si kushika. Shida ni moshi, na tutaufikia hapo mbele.

Si kila kilichovunjika kinataka moto

Kabla hujawasha mashine, jiulize kama nati na bolti hazitoshi. Fremu iliyopasuka inaweza kuwekewa bapa la chuma upande mmoja na mwingine, ikatobolewa na kukazwa kwa bolti, kama mfupa uliofungwa banzi. Karai la wilbaro lililotoboka ni jembamba mno, na moto wa mashine utaongeza tundu badala ya kuliziba. Kiraka cha bati, bolti fupi nne na washa vitadumu zaidi.

Waya nao una kazi yake: kukufikisha jioni. Ubaya ni pale waya wa dharura unapokaa miezi sita. Ukifunga kitu kwa waya, andika siku hiyo hiyo kwenye simu kwamba kinahitaji kutengenezwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye chuma msemo huu ni kweli neno kwa neno. Ufa hukua kila unapotingishwa. Fundi mzuri hutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa kabla ya kuchomelea, ili usiendelee kukimbia.

Na kama una trekta, kumbuka kwamba kuna bolti iliyowekwa makusudi ikatike. Ipo kwenye baadhi ya vifaa vinavyozungushwa na trekta ili kifaa kikikwama ikatike yenyewe badala ya giaboksi. Ukichoka kuinunua ukaichomelea, au ukaweka bolti ngumu zaidi, umehamisha uvunjikaji kutoka kitu cha bei ndogo hadi kitu cha bei kubwa.

Ukiamua kuchomelea mwenyewe

Mashine ndogo za siku hizi ni nyepesi na zinatumia stima ya kawaida ya nyumbani, volti 240. Hizi ndizo zimewafanya wakulima wengi waanze kujaribu. Lakini stima ya mashambani, hasa mwisho wa laini, mara nyingi inashuka nguvu. Ukiona rodi inanata kila mara, huenda tatizo si mkono wako. Angalia ekstensheni kwanza: ikiwa ndefu na nyembamba inapoteza nguvu na kupata moto. Tumia waya mnene, mfupi iwezekanavyo, na uukunjue wote. Kuunganisha mashine moja kwa moja kwenye waya wa nguzo usijaribu kabisa. Ni hatia, na inaua.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Safisha. Kwangua kutu, rangi, mafuta na kinyesi cha ng'ombe hadi uone chuma kinang'aa. Weldi haishiki uchafu.
2. Chimba mfereji. Chuma kinene kikiunganishwa juu juu, weldi inakaa kama mkate uliopakwa siagi. Tumia grainda kufungua ufa uwe na umbo la V, ili moto uingie ndani.
3. Chagua rodi. Kwa chuma laini cha kawaida, rodi zenye namba 6013 zinatosha kazi nyingi, na namba hiyo huandikwa karibu na sehemu ya kushikia. Rodi ya milimita 2.5 hufanya kazi vizuri kwenye ampea 60 hadi 90 hivi. Zihifadhi pakavu, kwenye mkebe wenye kifuniko. Rodi iliyolowa inatoa weldi yenye vitundu.
4. Bana athi karibu na kazi. Kibanio kikiwa mbali, umeme unaweza kupitia kwenye beringi na kuziharibu. Kama unachomelea trekta au kifaa kilichounganishwa nayo, ondoa kwanza waya za betri.
5. Shika kwa nukta. Weka nukta ndogo mwanzoni na mwishoni, hakikisha kitu kimenyooka, ndipo upitishe weldi yenyewe. Chuma kikipata moto huvutika, na ukianza upande mmoja hadi mwisho kitapinda.
6. Gonga gamba. Ondoa gamba la juu kwa nyundo, ukivaa miwani, uangalie. Ukiona vitundu au mahali chuma hakijayeyuka pamoja, saga uondoe, urudie. Usifunike kosa kwa weldi nyingine.

Anza na vipande vya chuma chakavu. Viunganishe, vibane, kisha uvipige nyundo hadi vivunjike. Vikivunjika kwenye weldi, bado unajifunza. Chuma kikipinda na weldi ikabaki, unaweza kwenda kwenye geti la boma la mbuzi.

Kazi za kumwachia fundi, au za kutofanya kabisa

Kuna vitu ambavyo vikiachia, vinaumiza mtu. Visu na gurudumu la mashine ya kukatia majani ya ng'ombe vinazunguka kwa kasi, na kipande kikiruka hakichagui. Badilisha kisu kilichopasuka, usikiunganishe. Ndoano ya kuvutia trela, ekseli ya mkokoteni na sehemu za breki ni za fundi aliyehitimu. Mtungi wa gesi usiuguse kwa moto, hata ukiwa umeisha.

Na pipa. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, spiriti au dawa ya shamba linaweza kulipuka ukilichomelea au kulikata kwa grainda, hata kama limekaa tupu miaka. Mvuke hubaki kwenye kutu na mikunjo. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Ukitaka pipa la kutengenezea jiko au birika la ng'ombe, nunua ambalo unajua historia yake.

Macho, mapafu na nyasi kavu

Kwenye senta nyingi utaona kijana akichomelea na miwani ya jua. Usimuige. Mwanga wa kuchomelea unachoma jicho kama jua linavyochoma ngozi, na uchungu hauji saa hiyo hiyo. Unakuja usiku, ukihisi kama mchanga umemwagwa machoni. Kinachotakiwa ni ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kuchomelea, namba 10 au zaidi. Watoto wanaopenda kuja kutazama cheche wafukuzwe kwa upole, lakini wafukuzwe.

Moshi mweupe wa zinki nao hukupa homa ya kutetemeka saa chache baadaye, unaweza hata kudhani ni malaria. Wengi huambiwa wanywe maziwa. Maziwa ni mazuri kwa chai, lakini hayaondoi zinki kwenye mapafu. Saga zinki yote iondoke pale utakapochomelea, fanya kazi nje, na simama upande upepo unakotoka.

Mwisho ni moto. Cheche huruka mita kadhaa na kujificha kwenye majani makavu. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu, ondoa nyasi, na ukimaliza kaa hapo nusu saa ukiangalia. Ghala la mahindi halirudishwi na weldi nzuri.

Ukienda kwa fundi: lipa kwa hatua

Mafundi wa jua kali waliitwa hivyo kwa sababu walifanya kazi nje, bila paa. Kamukunji, Nairobi, imejulikana kwa miaka mingi kwa wilbaro, masanduku na majiko yanayotoka kwenye nyundo zao, na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera uliotaja jua kali hadi kwenye jina lake. Ujuzi upo, tena karibu nawe. Baadhi ya mafundi wamefanya mtihani wa ufundi wa NITA, wenye madaraja ya tatu, pili na kwanza. Kwa kazi nzito kama ndoano ya trela, si vibaya kuuliza kwa heshima, "Fundi, uko na cheti cha gredi gani?"

Ugomvi mwingi kati ya mkulima na fundi hautokani na weldi. Unatokana na pesa iliyotangulia yote, au ambayo haikutangulia kabisa. Mkulima anaogopa kwamba akilipa, kazi italala. Fundi naye anaogopa kununua rodi kwa pesa yake, halafu mwenye plau asirudi. Wote wawili wana sababu. Sisi tunapendekeza hatua tatu:

Vifaa kwanza. Kubalianeni orodha: rodi ngapi, bapa futi ngapi, diski ya grainda. Lipa vifaa hivyo moja kwa moja kwenye namba ya tili ya duka, badala ya kumpa fundi pesa za kwenda kununua. Unajua bei, una ujumbe wa malipo, na fundi hashukiwi kwa chochote.

Jasho baada ya kujaribu. Malipo ya kazi yenyewe yagawe. Sehemu ndogo akianza, iliyobaki kifaa kikishajaribiwa. Kwa plau, kujaribu si kuitazama pale kibandani. Kubalianeni kabisa kwamba utalima nayo asubuhi moja ndipo umalizie. Kisha malizia kweli, siku hiyo hiyo. Fundi aliyelipwa kwa wakati ndiye atakayefungua kibanda Jumapili mvua ikinyesha.

Maneno yaandikwe. Ujumbe mmoja mfupi unatosha: "Mguu wa plau, kazi 500, nimelipa 200, 300 baada ya kulima Jumamosi. Ikikatika pale pale ndani ya mwezi, unarudia bila malipo." Piga picha ya ufa kabla na ya weldi baada ya kazi.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama fundi amekutajia namba ya tili na jina linalotokea hulijui, uliza. Na wewe fundi, usiachilie kifaa kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa bandia unaandikwa kwa dakika moja, salio halidanganyi.

Hesabu ya wilbaro

Tuchukue mfano, bei ukibadilisha ziwe za kwenu. Wilbaro moja ilitengenezwa mara nne kwa mwaka: shilingi 300, 250, 400 na 350. Hizo ni 1,300. Kila mara ilipelekwa na kurudishwa na boda kwa shilingi 200, jumla 800. Wilbaro hiyo imekula 2,100, bila kuhesabu siku nne ambazo mbolea ilibebwa kwa karai kichwani.

Mwenye wilbaro angeulizwa, angesema, "Ni mia tatu na hamsini tu za fundi." Si mwongo. Anakumbuka malipo ya mwisho tu. Lakini simu inakumbuka yote. Fungua taarifa yako ya malipo mwisho wa msimu, tafuta jina la fundi, la duka la vyuma na la boda, andika jumla kando ya kila kifaa. Kanuni yetu ni nyepesi: marekebisho ya mwaka mmoja yakifika nusu ya bei ya kifaa kipya, acha kuviraka. Anza kuweka akiba ya kipya.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo itakuambia kama unahitaji mashine yako. Jumlisha bei ya mashine, ngao ya uso, glavu za ngozi, grainda, waya mnene na rodi za kujifunzia, kwa sababu mashine peke yake haichomelei. Linganisha na ulichomlipa fundi kwa kazi za chuma laini pekee. Kama ni geti moja kwa mwaka, bado fundi ni nafuu. Kama ni vifaa vya majirani watano, labda chama chenu kinaweza kuchanga na kuimiliki pamoja, kila mmoja akituma kidogo kila wiki na mweka hazina akisoma taarifa mkutanoni. Andikeni mapema nani anaitunza na nani analipa ikiungua.

Tahadhari moja: mashine za bei ya kushangaza zinazotangazwa mtandaoni, ambapo muuzaji anataka "deposit" kwanza kwa namba ya mtu binafsi. Usitume. Nunua mahali unapoweza kuiona ikiwashwa, ulipe ukiwa umesimama mbele yake, upewe risiti.

Turudi shambani

Ile plau ya Makueni ifanyweje basi? Mguu wake unabeba mzigo wote, na huenda si chuma laini. Kama ufa haujaukata kabisa, bapa mbili na bolti zinaweza kumfikisha mwenyewe jioni, akilima taratibu penye mawe. Jioni hiyo hiyo ampigie fundi, walipane vifaa, na mguu uchomelewe usiku kwa chuma kilichosafishwa na kupashwa moto. Alfajiri ng'ombe warudi kwenye nira. Saa nne, akiona weldi imeshika na mzunguko wa kumi umepita, atoe simu mfukoni na kumtumia fundi ile mia tatu iliyobaki, kabla hata ng'ombe hawajafunguliwa.